Mmea Usioliwa na Haki ya Udongo

Je, ni halali kwa mja, mbele ya Mola wake na mbele ya jirani mwenye njaa, kuupa udongo mmea usiomlisha mtu? Penye rutuba tele swali hili halina uzito. Lakini Goma, ambako lava ya volkano ya Nyiragongo iliteremka tarehe 17 Januari 2002, ikaupasua mji hadi Ziwa Kivu na kuacha mwamba mweusi palipokuwa na nyumba na maduka, udongo ni mali inayotafutwa, inayopakiwa kwa magunia juu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, na kumwagwa juu ya jiwe kwa kina ambacho pengine hakizidi shubiri.

Tuchukue stroberi ya mapambo, yenye maua mengi na matunda haba, ambayo mwenye bustani kando ya ziwa aweza kuipanda ili ifunike ardhi. Hutambaza vikonyo vyembamba, na kila kifundo cha pili kiguswapo na udongo hutoa majani juu na mizizi chini, hata kikonyo kikikatika mche mpya huishi peke yake; mizizi yake haizami sana, basi huridhika na udongo mchache, na majani yakisha kufungamana magugu hukosa nuru.

Anayeuita upanzi huo israfu ana hoja nzito, kwani hadithi mashuhuri yafundisha kuwa kinacholiwa na mtu, ndege au mnyama katika mmea wa Mwislamu huandikwa sadaka. Basi kisicholiwa kitaandikwaje? Nami naona jawabu limo katika mvua za Kivu, ambazo hupiga udongo ulio wazi na kuuzamisha katika nyufa za lava, jembe lisiufikie tena. Jani lipokealo tone kabla halijatua, na mzizi ushikao chembe isichukuliwe na maji, vyahifadhi mahali atakapopanda maharagwe mtu ambaye huenda hajazaliwa. Na mwenye kuihifadhi ardhi amelisha, ijapokuwa hatawaona walaji.

Hata hivyo uhalali huo una mipaka. Panapofaa maharagwe, yatangulie maharagwe, na stroberi ikae kwenye miteremko na kingo za njia, ambako udongo huanza kutoroka. Tena aliye nayo asimnyime vikonyo jirani ambaye kiwanja chake chamomonyoka, maana mmea wenyewe huvizalisha bila gharama, na udongo ni amana tuliyokabidhiwa sote.