Mita Thelathini Kila Upande

Siku tuliyomzika mtoto yule, daftari la rambirambi lilijaa kurasa nne kabla ya adhuhuri. Nililishika mimi, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na kwa sababu nilikuwa nimekuja nyumbani likizo, sina kazi nyingine. Watu walipita mezani mmoja mmoja: elfu moja, elfu mbili, debe la mahindi, mkungu wa ndizi. Kijana wa bodaboda hakuwa na fedha, akasema niandike kwamba atabeba maji siku tatu bure. Nikaandika. Hakuna aliyelazimishwa kutoa, na hakuna aliyedai risiti.

Mtoto alikuwa wa darasa la pili. Aligongwa asubuhi akienda shule, pale kwenye kona ambapo njia ya miguu inakatika na mtembeaji analazimika kupanda juu ya lami kwa hatua kama ishirini, kisha anashuka tena majanini. Dereva alisimama. Alikuwa kijana, akatetemeka mpaka mikono ikashindwa kufungua mlango. Nasema hivi kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu kusimulia habari ya dereva mlevi aliyekimbia, halafu tukamlaani yeye na kwenda kulala.

Makaburini, mzee mmoja alisema maneno ambayo kila msomaji ameshayasikia: ajali haina kinga. Tuliitikia wote kwa vichwa. Nami niliitikia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyafikiria maneno hayo, na nimeona kwamba yanafanya kazi mbili tofauti. Kazi ya kwanza ni ya makaburini. Yanamwondolea mama mzigo. Mama anayejiuliza kwa nini hakumchelewesha mwanawe kwa dakika mbili, kwa nini hakumtia uji bakuli la pili, anahitaji mtu wa kumwambia kwamba haikuwa mikononi mwake. Sina ugomvi na maneno hayo yanaposemwa pale. Kazi ya pili nimeiona wiki tatu baadaye, kwenye mkutano wa kijiji, maneno yale yale yaliposemwa tena. Safari hii hayakumtua mama mzigo. Yalitutua sisi.

Kijiji chetu kiko kando ya barabara kuu inayotoka Segera kwenda Tanga, upande wa Muheza, nchi ya machungwa. Msimu ukifika, machungwa hupangwa mafungu mafungu juu ya meza kando ya lami, na magari husimama popote yanapotaka. Mama yangu mdogo ana kibanda pale, karibu na ile kona. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye kibanda hicho.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Ndiyo sheria iliyotuletea alama za X ukutani: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, kijani kwa aliyefuatwa na hifadhi akiwa kwake. Basi piga hesabu. Mita 30 huku na mita 30 kule ni mita 60 zilizotengwa na sheria kwa ajili ya barabara. Lami yenyewe ni mita chache tu katikati. Na katika mita zote zilizobaki, pale kwenye kona, haikupatikana hata mita moja na nusu kwa ajili ya mguu wa mtoto. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba njia ya watembea kwa miguu ilikosa mahali pa kupita.

Kwenye mkutano hoja zilikuwa tatu, na nitazieleza kwa uaminifu kwa sababu kila moja ina ukweli ndani yake.

Hoja ya kwanza ilitoka kwa mwenye duka, mtu mwenye gari. Alisema barabara inajengwa kwa fedha za wenye magari, sisi wa miguu tumechangia nini mpaka tudai sehemu yetu? Wengine waliguna, lakini hakuna aliyemjibu, kwa sababu wengi waliamini ni kweli. Si kweli. Mfuko wa Barabara unategemea zaidi tozo inayokatwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli, na tozo hiyo haiulizi mafuta yanakwenda kuzungusha nini. Mashine yetu ya kusaga ilitumia dizeli miaka mingi kabla nguzo za umeme hazijafika. Kila bibi aliyejitwika debe la mahindi, akatembea hadi mashineni na kulipa, alikuwa analipia lami pia. Ameilipia kwenye nauli, kwenye chumvi, kwenye sabuni iliyoletwa na lori. Kuna na mwaka 2011, ushuru wa mafuta ya taa ulipopandishwa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli: mwenye koroboi aliongezewa bei ili injini za wengine zisiharibike. Hakulalamikiwa kwamba hachangii. Mtembea kwa miguu si mgeni aliyekaribishwa barabarani. Ni mwenye hisa ambaye hajawahi kupewa gawio.

Hoja ya pili aliitoa mama mmoja aliyekaa nyuma. Alisema, "Mwenyekiti, tufanye msaragambo. Jumamosi mbili tu. Tufyeke, tumwage moramu, tuweke kivuko juu ya mtaro." Hapo akainuka mwalimu mstaafu, ambaye namheshimu kuliko watu wengi, akapinga. Barabara kuu ni ya TANROADS, alisema, na zile za ndani ni za TARURA. Wapo watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo. Tukijichimbia wenyewe, mwakani wataandika kwamba kijiji kile hakina shida, kinajiweza. Maskini wa nchi hii, alisema, wanalipa mara mbili kila kitu: kwanza kwa kodi, kisha kwa jembe.

Nilikaa na maneno ya mwalimu kwa siku nyingi, kwa sababu hapo ndipo lilipo swali lenyewe. Nikiwa na haki ya kutendewa jambo, na asiyenitendea hajatenda, je, nikilitenda mwenyewe nimeisamehe haki yangu? Kama ni deni la fedha, naweza kusubiri. Deni halikui miguu likaenda shule kila asubuhi. Lakini hapa anayesubiri si mwalimu, wala si mimi ninayerudi mjini Jumatatu. Wanaosubiri ni watoto, na hawakuulizwa kama wako tayari kuwa ushahidi wa madai yetu. Haki inayodaiwa kwa miili ya watu wengine inahitaji kufikiriwa upya.

Hata hivyo mwalimu hakukosea. Moramu tunaweza kumwaga, lakini hatuwezi kuweka matuta kwenye barabara kuu, wala kivuko cha pundamilia, wala kibao cha kilomita 50 kwa saa kinachotiiwa. Hivyo vinatoka kwa mhandisi, na mhandisi hutumwa na bajeti. Wala si mambo ya ndoto. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend limekuwa likikagua njia za wanafunzi kuzunguka shule za msingi, kisha linaweka vitu vya kawaida kabisa: njia ya miguu, matuta, vivuko, alama. Mwaka 2019 mradi huo, uitwao SARSAI, ulipata tuzo ya WRI Ross Center Prize for Cities, ikiwa ndiyo mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Dunia ilitoa tuzo kwa tuta na njia ya miguu. Hakuna daraja la kifahari pale.

Sweden nao, mwaka 1997, bunge lao lilipitisha msimamo kwamba hakuna kifo cha barabarani kinachofaa kukubaliwa kama bei ya kusafiri, na kwamba anayebuni barabara ana wajibu pamoja na anayeitumia. Najua sisi si Sweden. Lakini wazo lenyewe halihitaji theluji ili likubalike. Mtoto wa miaka minane atakimbia, atacheza, atasahau kutazama. Hiyo ndiyo tabia ya miaka minane. Aliyechora barabara alijua kwamba watoto wapo. Kinachojulikana kabla, chenye mahali na saa yake, mimi nashindwa kukiita ajali. Na lugha yetu hii hii iliyotupa "ajali haina kinga" ndiyo iliyotupa "tahadhari kabla ya hatari." Sisi ndio tunaochagua methali ipi tuitoe wapi.

Hoja ya tatu haikuwa hoja. Kijana mmoja, pengine yule wa bodaboda, sikumwona vizuri, alisema kwa sauti ya chini: "Njia ilikuwepo. Vibanda ndivyo vilivyoikalia."

Mkutano ulinyamaza. Mimi nilitazama chini.

Kwa sababu ni kweli. Nikiwa mdogo, njia ya miguu ilipita pale kwenye kona. Kilikuja kibanda kimoja, kikasogea mbele kidogo ili dereva akione mapema. Cha pili kikasogea kukishinda cha kwanza. Kibanda cha mama mdogo ni cha tatu. Hakuna aliyekusudia kumtoa mtoto yeyote kwenye njia. Kila mmoja alichukua hatua moja tu kuelekea kwenye lami, na hatua hizo zilipojumlishwa zikawa zile ishirini. Nilikuwa nimekuja mkutanoni nikiwa na hasira na ofisi, na bajeti, na wahandisi. Hasira hizo bado ninazo, na nadhani ni za haki. Lakini ada yangu nami ilisimama pale njiani.

Usiku ule nilichukua daftari la rambirambi na kalamu. Fundi alikuwa ametutajia mahitaji: tripu 8 za moramu, mifuko 12 ya saruji, nondo kidogo kwa kivuko cha mtaro. Nikajumlisha bei zake. Kisha nikajumlisha rambirambi, na mahindi, na ndizi, na maji ya bodaboda, na chakula cha siku tatu za matanga. Kilichotoka kwa ajili ya kumzika kilizidi kile ambacho kingehitajika ili apite salama. Sikuzidisha chochote. Tulikuwa na uwezo, na ukarimu tulikuwa nao. Kilichokosekana ni mtu wa kuweka meza na daftari mapema.

Mkutano wa pili uliamua yote mawili, msaragambo na barua. Mwalimu mstaafu aliiandika barua mwenyewe, ikaambatanishwa na muhtasari wa mkutano, mtendaji akaipeleka. Inaomba kibali cha njia ndani ya hifadhi, matuta mawili na kivuko. Inasema wazi kwamba kazi ya wananchi haipunguzi wajibu wa yeyote. Mwalimu alisisitiza sentensi hiyo isiondolewe. Nakala imegongwa muhuri, na tunasubiri.

Kibanda hakikusubiri barua. Jumamosi asubuhi, kabla ya watu kukusanyika, mama mdogo alinituma nikamwitie vijana wanne. Alisimama pembeni, kanga imefungwa kiunoni, akatuelekeza wapi pa kushika. Tulikisogeza nyuma, mpaka ng'ambo ya mtaro. Nilimwambia, "Mama mdogo, huku magari hayatakuona." Akasema wenye kiu ya machungwa wataona. Halafu akainama, akaanza kuyapanga upya.