Bunduki "tupu"

Bunduki ya kuogopwa zaidi ni ile unayoambiwa haina risasi. Mtu huchomoa magazini akadhani kamaliza kazi, kumbe risasi moja imebaki kwenye chemba, na hiyo moja inatosha kuua. Kwa hiyo kila unapoishika, hata kama mwenzako ameikagua mbele ya macho yako sasa hivi, elekeza mtutu pasipo na mtu, kidole kikae nje ya kifyatulio, toa magazini, kisha fungua chemba uitazame vizuri na kuipapasa kwa kidole. Mzoefu ndiye ninayemhofia kuliko mgeni, maana mazoea humfanya aruke hatua. Ikirudi ndani, ifungiwe kwa kufuli, risasi zikae kwingine, na ufunguo usiwe mahali mtoto anapopajua.