Kupitia Si Kupita

Mtu akikwambia, "Kesho asubuhi nitakupitia," hutarajii apite mbele ya nyumba yako na kuendelea na safari yake. Unatarajia asimame, abishe hodi, akungoje ufunge mlango, kisha muondoke pamoja. Kupita na kupitia vimetengana kwa sauti moja tu, lakini ndani ya sauti hiyo mna deni: anayekupitia ana jambo nawe. Kwa hiyo nalipenda sana jina tulilolipa kazi ya kuwasoma waliotutangulia kabla hatujaandika yetu. Tunaiita mapitio. Kila ninaposhika tasnifu na kufika sura ya pili, ambamo mapitio ya maandiko yamezoea kukaa, najiuliza kama mwandishi amewapitia watu hawa au amewapita.

Mara nyingi amewapita. Kila aya inaanza kwa jina, na mwaka kwenye mabano, halafu "anasema". Fulani anasema hivi. Fulani naye anasema vile. Inafuata aya ya kufungia, inayotangaza kwamba kazi zote hizo ni muhimu ila hakuna iliyoigusa mada ya mtafiti. Watu kumi na tano wamekalishwa kwenye benchi moja na hakuna aliyegeuza shingo kumtazama mwenzake. Hilo hunisikitisha, maana watu hao walipokuwa hai walijibizana. Walikosoana, wakarekebishana, baadhi wakabadili msimamo baada ya miaka ishirini. Sura ya pili imewanyang'anya mazungumzo yao.

Nichukue uwanja niliotembea kwa muda mrefu, ule wa asili ya Waswahili. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika kwamba Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyechimba Kilwa, aliamini kuwa Waajemi walitoka Shiraz, wakavuka bahari na kuujenga mji ule. Niliandika kwa uhakika kabisa na mwaka nikauweka: 1965. Msimamizi wangu alisoma mpaka hapo, akaweka kalamu chini.

"Mwanangu, huyu umemsoma?"

"Nimemsoma, Mwalimu, katika kitabu cha mwenzake."

"Basi uliyemsoma ni huyo mwenzake."

Nikarudi maktaba kuitafuta makala yenyewe. Chittick alikubali kwamba palikuwa na ukoo wa watawala walioitwa Washirazi huko Kilwa. Lakini kufika kwao alikusogeza mbele, kutoka karne ya 10 ambayo wengi waliishika hadi mwishoni mwa karne ya 12, na akapendekeza kwamba hawakutoka moja kwa moja Uajemi bali walishuka kutoka pwani ya Banadir, katika Somalia ya leo. Simulizi nililomtwisha ndilo alilokuwa akilitikisa. Ni kweli kwamba jicho lake kwa jumla lilielekea ng'ambo zaidi kuliko bara, na waliokuja baada yake walikuwa na haki ya kumjibu. Ila walistahili kumjibu kwa alichokiandika. Mimi nilimtungia maneno, kisha nikampinga kwa maneno niliyomtungia, na yeye alikwisha kufariki na hakuweza kujitetea.

Tangu siku ile naiona kazi ya mapitio kuwa ni kushika amana. Mtu akisafiri akakuachia kitu chake, hukitumii upendavyo na hukirudishi kikiwa na umbo jingine. Maneno ya mwandishi aliyetangulia ni hivyo hivyo. Kipimo changu hakijabadilika: mwenyewe angesoma muhtasari wangu wa hoja yake, angeitika? Angesema, naam, hilo ndilo nililokusudia, sasa nieleze unapotofautiana nami? Kama asingeitika, sijafika mahali pa kumkosoa.

Wenzetu wa elimu ya hadithi za Mtume walilijua jambo hili zamani. Kwao habari haisimami bila isnadi, mnyororo wa waliopokezana, na kila pete ya mnyororo huo huulizwa: huyu alikuwa nani, alikutana kweli na yule anayedai kumsikia, kumbukumbu yake ilikuwaje. Sisi watafiti tuna mabano na miaka, vitu vyepesi kuandika, na wepesi huo ndio unaotuponza. Chukua tarikhi ya Kilwa. Wanafunzi huandika "tarikhi ya Kilwa inasema" kana kwamba ipo moja. Simulizi hilo limetufikia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni Mreno João de Barros, aliyechapisha muhtasari wake katika kitabu cha mwaka 1552. Ya pili ni hati ya Kiarabu, ambayo nakala yake ilifanywa Unguja mwaka 1877 na kuchapishwa Uingereza na Arthur Strong mwaka 1895. Njia hizi mbili hazikubaliani katika kila jambo, hata katika orodha ya masultani. Mwandishi anayesema "tarikhi inasema" bila kutaja ni ipi amemfungia msomaji mlango ambao yeye mwenyewe huenda hajaufungua.

Kuna jina jingine ambalo hunikaa moyoni. Mwaka 1903 kilichapishwa Ujerumani kitabu cha *Desturi za Wasuaheli*, na jina lililokaa kwenye jalada ni la Carl Velten. Sehemu kubwa ya yaliyomo yaliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyekuwa akifundisha Kiswahili huko Berlin. Tafsiri ya Kiingereza ilipotoka mwaka 1981, kazi ya J. W. T. Allen, ndipo Mtoro alipowekwa mbele kama mwandishi. Hata sasa nakutana na kurasa zinazomnukuu Mtoro kwa neno na kumtaja Velten kwa jina. Sidhani wanaofanya hivyo wana nia mbaya. Wamepokea mabano kutoka kwa aliyetangulia, ambaye naye aliyapokea kwa mwingine. Lakini aliyeketi akaeleza kwa Kiswahili chake jinsi watu wa mrima wanavyooa, wanavyozika na wanavyotibu anapotea hivyo hivyo, tasnifu baada ya tasnifu.

Na hapa niseme lililo moyoni kuhusu lugha. Nimeona mapitio yanayohusu Waswahili ambayo hayana hata andiko moja la Kiswahili. *Historia ya Kiswahili* ya Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala, iliyotoka mwaka 1977, haimo. *Khabari za Lamu*, iliyochapishwa mwaka 1938, haimo. Makala za majarida ya *Mulika* na *Kiswahili* hazimo. Mtafiti amefungua kompyuta, ameandika maneno matatu ya Kiingereza, na alicholetewa amekiita "maandiko yaliyopo". Si kwamba kila kilichoandikwa kwa Kiswahili ni sahihi. Chiraghdin na Mnyampala walikuwa na shauku yao, na shauku hiyo ipimwe kama ya mtu mwingine yeyote. Ila kumpima mtu kwanza ni kumwita kwenye kikao.

Nirudi kwenye lile neno "anasema". Kiswahili kimetupa vitenzi vya kutosha kupima uzito wa kauli, nasi tunakitumia kimoja. Kudai si kuonesha. Kukisia si kuhitimisha. Mark Horton alipochimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, alionesha: chini ya msikiti wa mawe kulikuwa na misikiti ya awali ya miti, mmoja juu ya mwingine, ikirudi nyuma hadi karne ya 8. Huo ni udongo. Anayetaka kubisha ana pa kuanzia. James de Vere Allen, katika kitabu kilichotoka mwaka 1993 baada ya kifo chake, alipendekeza kwamba asili ya utamaduni wa Waswahili ifuatwe hadi Shungwaya, nchi ya kale inayotajwa katika masimulizi ya watu wa pwani, na alikusanya dalili nyingi kujenga pendekezo hilo. Ukiandika kwamba wote wawili "wanasema", umemficha msomaji jambo analolihitaji kuliko yote: ni wapi akanyage kwa uzito wake wote, na ni wapi apapase kwanza kwa fimbo.

Swali la mpangilio huwasumbua wengi, nami nadhani linatatuka lenyewe mtu akiacha kupanga watu akaanza kupanga maswali. Niliwahi kuchora kwenye karatasi kubwa, upande wa kushoto majina, juu maswali, nikajaza vyumba kwa penseli. Vyumba vilivyobaki vitupu vilinifundisha zaidi kuliko vilivyojaa. Derek Nurse na Thomas Spear, mwaka 1985, waliuliza hasa juu ya lugha, na jibu lao lilikuwa wazi: Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro, na maneno ya Kiarabu ni nguo iliyovaliwa baadaye. Felix Chami aliuliza juu ya vyungu na makazi ya pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza, akaona mwendelezo wa wakulima na wafua chuma waliokuwapo kabla ya misikiti. Halafu mwaka 2023 ukaja utafiti wa vinasaba, uliochapishwa katika jarida la *Nature*, juu ya mabaki ya watu 80, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800. Wengi wa watu wa miji hiyo walikuwa na damu ya Afrika kwa kiasi kikubwa, hasa kutoka kwa mama zao wa kale, na damu ya Asia kwa kiasi kikubwa pia, hasa kutoka kwa wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000.

Wapo waliopokea habari hiyo kwa kusema kwamba wazee waliosimulia Shirazi walikuwa wakweli na wanaisimu walikosea. Hapo ndipo mapitio mazuri yanapofanya kazi ambayo hakuna sura nyingine ya tasnifu inayoweza kuifanya. Mpitiaji mvumilivu angeuliza: Nurse na Spear walizungumzia damu? Hawakuizungumzia kama ushahidi wao. Ushahidi wao ulikuwa lugha, na juu ya lugha utafiti wa vinasaba haukuwapinga. Baba anaweza kutoka Uajemi na mtoto akaongea lugha ya mama yake. Ukiziweka kazi hizi zitazamane, picha inayojitokeza ni ya miji ambamo wageni wa kiume waliingia katika nyumba za wenyeji, wakaacha majina na nasaba, na lugha ya nyumba ikabaki ya nyumba. Picha hiyo haimo katika kazi yoyote moja peke yake. Imezaliwa kati yao, na kuiona kunahitaji mtu aliyekubali kukaa na kila mmoja kwa muda wake.

Kuhusu "pengo" nina machache. Tumewafundisha vijana kulitafuta kama mwindaji atafutavyo mnyama, nao wakilikosa hulitengeneza. "Hakuna aliyewahi kuchunguza" ni sentensi nzito sana, na anayeiandika anaapa kwa niaba ya maktaba ambazo hajaingia. Pengo la kweli halitafutwi. Linakujia umesoma sana, pale ambapo watu wawili unaowaheshimu wanapishana na huoni kwa nini. Kwangu lilikuwa la kawaida tu: kwa nini jina la Shirazi liliendelea kuvutia koo ambazo zisingeweza hata kidogo kuthibitisha nasaba hiyo. Sikulitafuta. Nilikwama, na kukwama kwenyewe kukawa swali.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea sura yake ya pili, kurasa arobaini zilizochapwa vizuri. Alikuwa amemkosoa James de Vere Allen kwa ukali: nadharia ya Shungwaya haina mashiko, imepitwa na wakati, imejengwa juu ya masimulizi. Nikafunga kabrasha, nikamwomba asinieleze kwa nini Allen amekosea. Anieleze kwanza kwa nini Allen aliona yuko sahihi, kwa ushahidi gani, akijibu nani, na anieleze kama ambavyo Allen mwenyewe angejieleza.

Alinyamaza kwa muda. Akasema anaomba kesho. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Alikuja siku ya tano, kitabu mkononi, vipande vya karatasi vimechomoza kila upande. Akavuta kiti, akakifungua karibu na katikati, akasema, "Mwalimu, naomba tuanzie huku, maana mwanzoni nilikuwa sijamwelewa."