Gesi Haiishi, Mwanangu, Huvuja

Mwanangu, hongera kwa gari. Ni dogo, halili mafuta mengi, linapenya vichochoro vya Sinza na Mwananyamala bila kumkwaruza mtu. Lakini kuanzia Desemba mpaka Machi, jasho la Dar es Salaam likiwa halikauki hata usiku, kila tukionana malalamiko yako ni yale yale: gari lina joto, AC haipoozi, nilijaza gesi juzi juzi na imeisha tena. Niliwasikia kaka zako wakilalamika hivyo hivyo, nikawaambia, wakaitikia “ndiyo mzee”, wakaenda kujaza gesi. Sasa zamu ni yako. Nguvu za kugomba sina tena, kwa hiyo nitasema polepole, nawe usinijibu “ndiyo mzee” kabla sijamaliza.

Tuanze pale mnapoliwa fedha zenu. Gesi ya AC si petroli. Petroli huungua ikaisha, ukarudi kituoni. Gesi ya AC haiungui. Imefungiwa ndani ya mabomba, inazunguka tu. Kompresa huisukuma kwa shinikizo kubwa. Inapita kwenye kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta, inatupa joto nje. Halafu inaingia kwenye evapareta, nyuma ya dashibodi, inapanuka, inapoa sana, inafyonza joto lililokukalia, kisha inarudi kwa kompresa. Mashine hiyo hailetei gari baridi kutoka popote. Inachukua joto ulilokaa nalo na kulitupa barabarani. Mzunguko ukiwa mzima, gesi ile ile hufanya kazi miaka mingi. Kwa hiyo ikipungua ndani ya mwezi mmoja, usiseme imeisha. Imevuja.

Na wewe ukisikia imepungua, unakwenda pale kwa kijana mwenye mtungi kando ya barabara, anaunganisha mpira, anasikiliza kidogo, anasema tayari. Unaondoka na ubaridi wa wiki mbili. Huko ni kuteka maji kwa pakacha, na pakacha umelilipia mwenyewe.

Fundi anayejua kazi haanzi na mtungi. Anaanza kutafuta tundu. Atapaka povu la sabuni kwenye maungio, au atajaza naitrojeni kwa shinikizo na kuangalia kama geji inashuka, au ataweka rangi inayong’aa chini ya taa maalumu. Ataangalia oringi, zile pete za mpira kwenye maungio, maana zinakauka na kukakamaa. Ataangalia sili ya kompresa. Ataangalia kondensa, ambayo kwenye barabara zetu za changarawe hupokea mawe ya gari la mbele kabla ya kitu kingine chochote. Akishaziba, atavuta hewa yote kwa pampu mpaka mabomba yabaki matupu, kwa sababu unyevu ukibaki ndani huganda na kuziba njia, na ukichanganyika na gesi na oili hutengeneza asidi inayokula vyuma taratibu. Ndipo atakapopima gesi kwa mizani na kuiingiza.

Nimesema mizani, sikusema masikio. Gari kama Vitz au Passo hubeba gesi kidogo, mara nyingi haifiki nusu kilo. Chini ya boneti kuna kibandiko kinachotaja aina ya gesi na gramu zake. Kisome. Ikizidi, ubaridi unapungua vile vile na kompresa inaumia. Na usikubali gesi yoyote nyingine. Magari mengi madogo tunayoletewa kutoka Japani yanatumia R134a. Mapya zaidi yanatumia R1234yf. Ile R12 ya zamani ilianza safari ya kuondolewa duniani kwa mkataba wa Montreal wa 1987, kwa kuwa ilikuwa ikila tabaka la ozoni. Akitokea mtu akakushauri gesi ya kupikia kwa kuwa ni rahisi na inapooza vizuri, mshukuru, ufunge boneti, uondoke. Ni kweli inapooza. Pia inalipuka, na evapareta iko mbele ya magoti ya aliyekaa kiti cha kushoto.

Hata hiyo R134a usimwache fundi aifungulie hewani kana kwamba ni pumzi ya tairi. Kilo moja ya gesi hiyo ikipanda angani hunasa joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo ya kabonidayoksaidi. Ndiyo sababu mataifa yalikutana hapo Kigali, Oktoba 2016, yakakubaliana kupunguza gesi za ukoo huo. Tunalalamika kwamba jua la siku hizi si la zamani, kisha tunajaza gesi mara nne kwa mwaka kwenye bomba lenye tundu.

Wapo pia mafundi wa njia za mkato. Gari lina swichi inayopima shinikizo la gesi; gesi ikipungua mno, swichi inaizuia kompresa isiwake. Wewe unaona ni ubovu. Si ubovu, ni ulinzi, kwa sababu oili inayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikikosekana, vyuma vinasagana vikavu. Fundi wa haraka anakata waya, anaunganisha moja kwa moja, kompresa inawaka, unampa fedha yake na ya soda. Baada ya muda mfupi kompresa inakufa, na unga wa chuma chake unasambaa mpaka kwenye kondensa. Oringi ya bei ya soda imekugeukia gharama ya mfumo mzima. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa na watoto kama ninyi.

Nenda sasa mbele ya gari uchungulie. Je, AC inapooza vizuri ukiwa unatembea, lakini ukikwama kwenye foleni ya Ubungo inakuwa feni ya kawaida? Hapo usiikimbilie gesi. Gari likitembea, upepo wenyewe hupoza kondensa; likisimama, kazi yote ni ya feni. Basi itazame feni, halafu tazama uchafu: vumbi, wadudu, majani, mifuko ya plastiki. Na wale vijana wanaoosha magari kwa mashine ya presha, waambie wasiielekeze karibu na kondensa. Mapezi yake ni membamba. Yakilala, hewa haipiti. Maji ya mpira wa kawaida yanatosha.

Kama hewa yenyewe inatoka kidogo hata feni ya ndani ukiiweka ya mwisho, fungua kile kisanduku cha kuwekea karatasi upande wa abiria. Kwenye magari mengi madogo filta ya hewa iko nyuma yake, na hutahitaji hata bisibisi. Utakuta majani, nywele, pengine mbawa za mende. Filta ikiziba, hewa haipiti kwenye evapareta, evapareta inaganda barafu, nawe unashangaa AC ilianza vizuri ikaishia kupumua kwa shida. Kuna watu wamebadilishiwa kompresa kwa ugonjwa wa filta.

Maji yakidondoka chini ya gari ulipoegesha, usiogope; ni unyevu wa hewa uliogeuka maji kwenye evapareta. Ogopa yasipodondoka na zulia la upande wa abiria likawa limelowa, kwani kibomba cha kuyatoa kimeziba. Na ile harufu ya soksi mbichi ni ukungu ulioota kwenye evapareta yenye unyevu. Marashi ya kuning’iniza kwenye kioo hayauondoi. Dakika chache kabla ya kufika nyumbani zima AC, acha feni ya ndani iendelee kupuliza ikaushe.

Sasa tuje kwenye kutumia, maana hata gari zima linaweza kukaliwa na mtu asiyejua. Unatoka kazini saa tisa, gari limeshinda juani, unaingia, unafunga vioo, unaweka AC ya mwisho na kulaumu Wajapani. Ndani ya gari lililofungwa kuna joto kuliko nje. Kwa nini uipe injini ndogo ya lita moja kazi ya kupoza moto ambao ungeweza kuufungulia mlango utoke? Fungua milango, fungua vioo, tembea kidogo vikiwa wazi, kisha funga na uwashe AC. Bonyeza kile kitufe chenye picha ya mshale unaozunguka ndani ya gari, ili upoze hewa iliyokwisha kupozwa na wala si ile ya barabarani yenye vumbi na moshi wa malori. Lakini safari ikiwa ndefu, ruhusu hewa ya nje iingie kila baada ya muda. Watu wanne wakipumuliana ndani ya gari dogo lililofungwa, hewa inachakaa, na dereva anaanza kusinzia akidhani ni uchovu.

Matundu ya hewa yaelekeze juu, usiyaelekeze kifuani. Hewa baridi ni nzito, itashuka yenyewe, tena itafika nyuma. Magari haya hayana matundu ya nyuma. Wewe mbele unasikia baridi, mama yako nyuma anajipepea na kanga, na kwa kuwa ni mama yako hasemi kitu. Mwulize. Mwulize pia akisikia baridi, maana magoti yetu sisi wazee hayapendi upepo. Na ukibeba abiria wa kulipa, usizime AC safari ikianza ukisema ni mbovu, kisha ikapona ukibaki peke yako. Kweli inakula mafuta. Basi patana naye kabla hajapanda, kuliko kumdanganya akiwa amekwisha kaa.

Ukisafiri, jua nguvu ya farasi wako. Kompresa inaendeshwa na injini ile ile inayovuta mizigo yako. Ukipanda mlima Kitonga na gari limejaa watu, zima AC mpaka ufike juu. Mshale wa joto ukianza kupanda, zima AC, fungua vioo, washa hita. Ndiyo, hita, juani. Inachota joto la injini na kulitoa nje. Mtatoka jasho, lakini injini itapona. Mshale ukiendelea kupanda, simama pembeni, na usithubutu kufungua kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Na fundi aliyekushauri utoe thermostati ili gari lisichemke alikuondolea kidhibiti cha joto, ugonjwa akauacha.

Ukifika Iringa, Mbeya au Lushoto, usiisahau AC kwa sababu kuna baridi. Ukungu ukishika kioo cha mbele, washa AC pamoja na hita. AC hukausha hewa, kioo kinafunguka vizuri zaidi kuliko kukifuta kwa kiganja. Na huko kwenye baridi iwashe angalau dakika kumi kwa wiki, ili oili izunguke na sili zisikauke. Wengi wanaoizima Juni huikuta Novemba haina gesi.

Nimebakiza moja, na hili naomba usilichukulie kama porojo za mzee. Usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa, hata kama unaingia dukani mara moja. Ndani ya dakika kumi joto la ndani linaweza kuongezeka nyuzi kama kumi na moja, na mwili wa mtoto hupata joto mara tatu mpaka tano kwa kasi kuliko wako. Kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii kitu cha maana. Kumwachia injini ikiwaka na AC hakufai pia: injini ikizima, AC imezima, na mtoto hajui kufungua mlango. Wala wewe mwenyewe usilale ndani ya gari linalowaka likiwa kwenye banda lililofungwa. Moshi wa ekzozi una kabonimonoksaidi, haina harufu, na aliyelala hajui kwamba anakufa.

Sikukuambia haya ili uache kununua raha. Raha ya gari dogo ipo, tena haina gharama kubwa, ila inataka mtu anayetazama kabla ya kulipa. Kesho nenda gereji. Usimwambie fundi “nijazie gesi.” Mwambie “nitafutie panapovuja,” kisha usimame hapo hapo uone akitafuta. Akikwambia kutafuta kunapoteza muda, mpe mkono, nenda kwa mwingine.