Kinachovutwa Nacho Kinatembea

Vijana wangu wa Nyakabiga, nimewasikia. Mlikuwa mnabishana pale garajini, ninyi wa spana na wenzenu wa kampasi ya Mutanga, kwamba treni itafika Burundi lini. Mmoja akataja miaka mitano, mwingine akaapa kwamba siku hiyo atakuwa na wajukuu. Ubishi ulikuwa mtamu, nami nikanywa chai yangu kimya. Lakini katika nyote hakuna aliyeuliza swali ambalo mtu wa reli huanza nalo: hiyo treni ikichoka, itapelekwa kutengenezwa wapi, na itapita juu ya njia ya nani?

Msinione mkorofi. Ninyi wenyewe, mtu akiwaletea gari la kununua, kabla ya kutazama rangi mnauliza spea zake zinapatikana wapi. Treni ni gari kama gari, tofauti yake ni kwamba haiwezi kuacha barabara ikapita vichochoroni hadi Buyenzi kumtafuta fundi. Itapita kwenye reli tu, na reli ina mwenyewe.

Mwaka 1972, na mambo ya mwaka ule mmesimuliwa nyumbani, nilivuka mpaka nikiwa mkimbizi kijana nikaangukia Kigoma, Tanzania. Baada ya muda nikapata kibarua cha kumbebea fundi vifaa kwenye reli. Kazi yenyewe ilikuwa kopo la mafuta, matambara, nyundo na taa. Safari moja tulipewa mabehewa matatu ya abiria yaliyochoka, tuyasindikize hadi karakana ya mbali, upande wa pwani, yakafumuliwe na kuundwa upya. Yalifungwa kwenye treni ya mizigo. Hayakuwa na abiria wala taa, na viti vingine vilikwisha kung'olewa. Mimi nikaona nimepewa likizo. Kitu kibovu kinavutwa, mimi nimekaa ndani yake, nitafanya nini zaidi ya kulala?

Fundi wangu, mzee wa maneno machache, alinipa amri moja: kila treni ikisimama, shuka, pita kwenye kila gurudumu, weka mgongo wa kiganja kwenye sanduku la ekseli. Mgongo wa kiganja, si kiganja chenyewe, kwa sababu ngozi ya nyuma inahisi joto mapema, na ukiungua bado utaweza kushika spana. Masanduku ya zamani yale yalikuwa na pamba iliyoloweshwa mafuta ndani yake. Pamba ikikauka, chuma kinasaga chuma, na moto hauko mbali.

Uvinza nilishuka nikagusa yote. Nguruka sikushuka kugusa. Nilishuka kununua samaki wakavu, nikapunguziwa bei, nikarudi nimefurahi. Fundi akauliza, "Umegusa?" Nikamjibu, "Nimegusa, mzee." Tulipoondoka Usinge nikasikia harufu nikadhani ni samaki wangu. Kumbe gurudumu la pili la behewa la nyuma lilikuwa linatoa moshi.

Kaliua behewa lile likakatwa, likasukumwa kwenye reli ya pembeni, nami nikaachwa nalo siku kumi na moja nikingoja sehemu nyingine iletwe. Fundi hakunigombeza. Kabla ya kupanda alinishika bega akasema, "Kinachovutwa nacho kinatembea," akaondoka. Siku kumi na moja zilinitosha kuyatafuna maneno hayo. Mtu akiona injini haingurumi anadhani chombo kimepumzika. Lakini magurudumu hayajui kama injini imezima. Yanazunguka mara zile zile na kubeba uzito ule ule, na mafuta yanakauka vile vile, pengine upesi zaidi kwa kuwa hakuna anayeangalia.

Kuna wenzenu wanaovutwa sasa hivi: mjomba yuko Nairobi, dada yuko Ubelgiji, mfadhili analipa ada. Sina ubaya na hilo, mimi mwenyewe nilivutwa na wengi. Ila usilale ndani ya behewa.

Kijana wa jirani yangu anayeishi London alinionyesha picha kwenye simu, akijua ugonjwa wangu wa treni. Treni ya chini ya ardhi, mpya, inang'aa, imefungwa nyuma ya injini kuukuu za dizeli, inapita mashambani juani kabisa. Akacheka: treni ya umeme inavutwa na vizee! Nikamwambia vile vizee ndivyo vyenye njia. Treni za chini ya ardhi za London hunywa umeme kutoka reli mbili za ziada zilizolazwa chini, kwa hiyo chini kuna reli nne. Reli kuu za Uingereza zina mpango mwingine, pengi ni waya wa juu. Ikitoka kwake, treni ile ya fahari ni maiti yenye magurudumu, basi inavutwa.

Na kuivuta kwenyewe kuna kazi. Chuma chake cha kuungia si sawa na cha injini ya reli kuu. Kwa hiyo mbele na nyuma huwekwa gari maalumu ambalo upande mmoja lina ndoano ya reli kuu na upande mwingine lina chuma cha treni ya chini. Waingereza wenyewe gari hilo wanaliita mkalimani. Nililipenda jina hilo kuliko treni. Sisi wa Bujumbura, ambao mtu anaanza sentensi kwa Kirundi, anaipitisha kwenye Kiswahili na kuimalizia kwa Kifaransa, tungepaswa kuwa mabingwa wa kuyaunda magari hayo.

Hukohuko London kuna njia fupi iliyofunguliwa mwaka 1898, inayounganisha Waterloo na mtaa wa mabenki. Haikutani na reli nyingine yoyote. Mwaka 2006 treni zake zilipohitaji kukarabatiwa, zilitolewa shimoni kwa kreni, behewa moja moja, zikapakiwa kwenye malori hadi mji wa Doncaster. Kila mara kitu kikubwa kikihitaji fundi, kreni na malori! Hiyo ndiyo gharama ya kujenga njia isiyogusana na ya jirani.

Msidhani ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1963 ilifunguliwa reli kati ya Ruvu na Mruazi, na kwa mara ya kwanza Reli ya Kati ya Tanzania ikaunganishwa kwa chuma na reli ya Tanga, na kupitia Kahe na Voi ikafika Kenya. Karakana kuu ya reli za Afrika Mashariki ilikuwa Nairobi. Chombo kilichochoka kingeweza kutoka Kigoma kwetu kikavutwa Tabora, Dodoma, Morogoro, Korogwe, Same, Voi hadi Nairobi bila kunyanyuliwa hata mara moja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Reli zilikuwepo palepale, hakuna aliyezing'oa, upana wake ulikuwa uleule wa milimita 1,000. Ila njia haikuwa njia tena. Tanzania ikaunda shirika lake la reli, na kazi ya kufumua injini ikabidi ifanyike nyumbani. Waliovuna siku zile ni vijana waliokuwa wameshika spana, wala si waliokuwa wakibishana.

Sasa njooni kwetu. Agosti 2025 jiwe la msingi la reli ya kutoka Uvinza hadi Musongati liliwekwa kulekule Musongati, penye nikeli ardhini. Upana wake ni milimita 1,435, sawa na ile mpya ya Tanzania ambayo tangu Juni 2024 inapeleka abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kwa umeme, na mwezi uliofuata ikaendelea hadi Dodoma. Jambo jema. Nimefurahi kama mtoto, na mke wangu ni shahidi.

Lakini chukueni futi. Reli kongwe ambayo mimi niliifanyia kazi, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, ni milimita 1,000. Mpya imeizidi kwa milimita 435, pungufu kidogo ya dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Kwa dhiraa hiyo moja, behewa la reli mpya likiharibika haliwezi kuvutwa hata mita moja juu ya ile kongwe, ingawa zimelala jirani. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nayo ina upana wake, milimita 1,067. Tofauti na ile kongwe ni milimita 67, vidole vinne vya mtu mwembamba. Kwa sababu ya vidole hivyo, Kidatu pakajengwa kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa hadi behewa. Vidole vinne, jamani.

Ile meli ya Liemba mnayoisikia ilikutana na shida hiyohiyo, chombo kisichoweza kujiendesha hadi kilipotakiwa. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwavunjwa ikatiwa kwenye masanduku, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, ikapanda reli hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Meli ilipanda treni! Ilizamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Walioipakia walijua urefu wa kila behewa na uzito wa kila sanduku kabla ya kuanza. Hapo pana somo kubwa kuliko vita vyote vilivyopiganwa na meli ile.

Nirudi kwenye behewa bovu linalovutwa, hasa breki zake, maana hapo siwezi kupita haraka. Treni husimama kwa hewa inayopita bombani kutoka injini hadi behewa la mwisho. Behewa bovu mara nyingi breki yake haifanyi kazi, lakini bomba lazima lipitishe hewa, na behewa la namna hiyo hufungwa katikati ya yale mazima. Haliwekwi mkiani. Sababu ni rahisi: likikatika mkiani njiani penye mlima, hakuna cha kulizuia. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu, mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyoshindwa breki ilirudi nyuma yenyewe mteremkoni hadi ikagongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Njia ile mimi nimeipita mara nyingi. Kwa hiyo mkiona fundi wa reli anahesabu mabehewa yenye breki mara mbili, mara tatu, na stesheni masta anamfokea kwamba treni inachelewa, msimcheke fundi.

Jambo jingine la kuzoea ni kungoja. Chombo kinachokwenda matengenezo hakina heshima kwenye ratiba. Treni ya abiria inapita, ya mizigo inapita, ya wakubwa inapita, wewe uko kwenye reli ya pembeni unahesabu mataruma. Nimewaona vijana hodari wakiharibikiwa hapo, wanafungua wasichopaswa kufungua, au wanamgombeza mwenye njia. Njia si yako. Salimia, uliza saa yako ya kuondoka, rudi ukaguse masanduku.

Basi ninachowaomba ni kidogo na kinafanyika. Reli ya Musongati ikiisha, behewa la kwanza kuugua litavutwa kwenda mahali. Kama hapa kwetu hakuna fundi, litavutwa kuvuka mto Malagarasi, litalipiwa njia, litangoja zamu nyuma ya mabehewa ya wenyewe, na nikeli itakaa chini ikitungoja. Kama fundi yupo, kazi ndogo zitaishia hapa, na kubwa zitasafiri na mtu wetu ndani anayejua kugusa. Ninyi wa garaji, breki za upepo za malori ni binamu wa breki za treni. Acheni kubadilisha spea tu, fungueni mjue hewa inapita wapi. Ninyi wa chuo, mwombeni mwalimu wenu awapeleke Kigoma mkaione reli kongwe kabla hamjaisoma mpya. Ziwa ni lilelile na boti zipo. Na ninyi mnaosubiri ajira itangazwe redioni, wale walioajiriwa mwaka 1977 hawakungoja redio iwaambie.

Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa barazani. Ninalo sanduku moja la ekseli nililopewa kama chuma chakavu, lina pamba yake ndani. Mwenye futi ya chuma aje nayo, na mwenye chaki aje nayo pia: tutachora reli zote tatu uani, 1,000, 1,067 na 1,435, mkanyage wenyewe katikati yake.