Kabla ya Kuongeza Mashudu

Wanangu mnaofugia ng'ombe wa maziwa bandani huko kwenye miteremko ya Kilimanjaro, haya nimeshayasema hadi sauti imenikauka. Nivumilieni niyaseme tena. Maziwa yakipungua, jibu lenu ni lile lile: tuongeze mashudu. Mnakopa, mnanunua gunia la mashudu ya alizeti, mnayamwaga horini juu ya mgomba uliokatwakatwa, kisha mnashangaa mbona ndoo haijai.

Protini ya mashudu haiendi moja kwa moja kwenye kiwele. Ikifika tumbo kubwa, vijidudu vinavyoishi humo huivunja, na sehemu kubwa hugeuka amonia. Kwa amonia hiyo vijidudu hujijenga na kuzaliana, kisha vyenyewe hushuka utumboni na kumeng'enywa. Protini nyingi anayoipata ng'ombe hutoka kwa vijidudu hivyo. Lakini haviwezi kujijenga bila nguvu, na nguvu hutoka kwenye pumba, molasi na majani machanga. Mgomba karibu wote ni maji. Nguvu ikikosekana, amonia huingia kwenye damu, ini huigeuza yurea, na yurea hutoka kwa mkojo, kiasi kidogo ikapitia kwenye maziwa. Tena ini nalo hula nguvu kwa kazi hiyo, nguvu ambayo ng'ombe angeitumia kutengeneza maziwa.

Ingieni bandani alfajiri kabla hamjafagia. Ile harufu inayochoma macho ni yurea ya mkojo iliyokutana na kinyesi ikarudi kuwa amonia. Fedha ya mashudu imeishia hapo.

Hata kwa mfugaji hodari, naitrojeni inayofika kwenye maziwa ni robo hivi, ikizidi sana theluthi, ya yote aliyokula ng'ombe. Ng'ombe wa lita 10 hutoa kama gramu 320 za protini katika maziwa yake ya siku. Hata ng'ombe wa lita nyingi, protini ikipita asilimia 17 hivi ya chakula kikavu, ni nadra maziwa kuongezeka kwa kiasi cha kulipia gharama.

Anzeni na majani, wanangu. Mabingobingo yakikatwa yakiwa na kimo cha mita 1 hivi, bado yana protini na yanameng'enyeka. Mkiyaacha yampite mtu kimo, protini inaweza kushuka chini ya asilimia 7, na vijidudu vyenyewe vinashinda njaa. Najua mnayaacha ili mzigo uwe mkubwa, maana majani ni ya shida na wa kuyabeba ni mama au mtoto. Lakini mnambebesha mashina matupu. Pandeni lukina na kaliandra kwenye mipaka ya kihamba; kilo 3 za kaliandra mbichi zaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani.

Mashudu yenyewe changanyeni na pumba, mgawe asubuhi na jioni, msiyamwage yote kwa mkupuo. Kisha kitazameni kinyesi kila siku. Kikiwa kigumu na kimepangana tabaka tabaka, protini haitoshi. Kikilegea na mkojo ukanuka kupita kawaida, mmezidisha. Na mkojo huo msiuache upotee: utandikieni majani makavu, mkaufukie kwenye migomba na kahawa.

Basi kesho, kabla hamjaenda dukani kudai gunia jingine, nendeni kwanza mkakate mabingobingo yangali machanga.