Je, Kusema "Hatujui" ni Kukosa Imani?

Baada ya ibada vijana wawili walitujia na swali la darasani: lile giza ambalo wanasayansi wanasema limejaa angani, ni giza la Shetani? Hapana. Wala tusiharakishe kusema ni Mungu.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alipima mwendo wa galaksi zilizo kundi moja, akaona zinakwenda mbio mno. Uzito unaoonekana haukutosha kuzishika, zilipaswa kutawanyika. Miaka ya 1970 Vera Rubin, huko Marekani, aliona jambo kama hilo kwa nyota za pembeni mwa galaksi. Kumbe kuna kitu kinachovuta, nacho hakitoi mwanga. Wanakiita maada ya giza, na wanakadiria ni kama mara tano ya maada tunayoijua.

Ikazuka nadharia nzuri sana, supasimetria. Nguvu za asili ni nne: uvutano, ile ya umeme na sumaku, na mbili za ndani ya kiini cha atomu. Nadharia hiyo ilisema kila chembe ina pacha wake mzito aliyefichika. Ukikubali hivyo, hesabu za nguvu tatu hukutana mahali pamoja (uvutano bado ulibaki nje), na pacha mmojawapo anafaa kuwa ndiye maada ya giza. Ufunguo mmoja, milango miwili!

Wakaenda kutafuta. Karibu na Geneva upo mtambo wa duara wa kilomita 27, chini ya ardhi, ulioanza kugonganisha chembe mwaka 2009. Mwaka 2012 ulipata chembe ya Higgs. Pacha hata mmoja haujamwona. Wapo waliofanyia kazi nadharia hiyo tangu ujana wao, lakini taarifa zikaandikwa wazi: hatukuona kitu.

Hapo tuliguswa, maana sisi wachungaji tumezoea kujibu upesi. Tulipokuwa tukikimbia vita, mama mmoja alizika mtoto kando ya njia, akatuuliza kwa nini. Tukamwambia ni dhambi ya taifa. Jibu hilo lilienea vita, njaa na homa kwa pamoja, kila kitu kiliingia ndani yake, nasi hatukulipima kwa lolote.

Mama yule tunaishi naye humu kambini, anaimba kwaya. Juzi tulikwenda kwake tukamwambia kwamba siku ile hatukujua. Alinyamaza kitambo, kisha akatusogezea kigoda tukae.